Waliovunja Mashine Walidai Nini?

Tarehe 11 Machi 1811 wafumaji wa soksi walikusanyika sokoni Nottingham, katikati ya Uingereza, kudai kazi na ujira wa kuwatosha kula. Askari wakawatawanya. Usiku ule ule, katika kijiji cha Arnold nje kidogo ya mji, fremu za kufumia zipatazo 60 zilivunjwa. Kufikia mwanzoni mwa 1812 zilizovunjwa katika wilaya zile zilikuwa zimekaribia 1,000, na matajiri wa soksi walikuwa wakipokea barua za vitisho zenye sahihi ya Jenerali Ludd, kiongozi ambaye hakuna aliyepata kumwona kwa kuwa hakuwapo. Watu wake wakaitwa Waludi, na mpaka leo jina hilo hutumika kumbeza yeyote anayesitasita mbele ya teknolojia mpya. Naona kubeza huko kunawaonea wafumaji wale. Tena kunatunyima nafasi ya kuelewa jambo linalotuhusu sote: mashine inapoingia katika maisha ya watu, ni nani anayeamua iingie kwa masharti gani.

Tuanze na fremu yenyewe. Fremu iliyovunjwa Arnold haikuwa kitu kigeni. Inasemekana ilibuniwa mwaka 1589 na William Lee wa Calverton, kijiji cha jirani tu. Kwa zaidi ya miaka 200 wanaume wa eneo lile walikuwa wameikalia mchana kutwa, wakiikanyaga kwa miguu na kuivuta kwa mikono, huku wake zao wakishona soksi zilizotoka na watoto wakiviringisha nyuzi. Chama cha ufundi wao kilikuwa na hati ya serikali tangu 1657. Fremu ndiyo iliyowalisha wao, baba zao na babu zao. Haingii akilini kwamba watu hawa waliamka siku moja ya mwaka 1811 wakaanza kuogopa chombo walichozaliwa wakakikuta ndani ya nyumba. Kama kuna kilichokuwa kipya, hakikuwa chuma.

Kilichobadilika ni utaratibu wa kazi. Wafumaji wengi hawakumiliki fremu. Walikodi kwa tajiri wa soksi, na kodi ilikatwa kwenye ujira kabla hawajagusa hata peni moja. Baadhi ya matajiri walilipa kwa bidhaa badala ya fedha, yaani mfumaji alirudi nyumbani na nyama au unga uliopangiwa bei na yule yule aliyemwajiri. Wengine walijaza fremu zao watu wasiopitia uanagenzi, wakawalipa kidogo, kisha wakashusha ujira wa wote hadi kiwango cha hao. Vita dhidi ya Napoleon vilikuwa vimefunga masoko ya Ulaya, mgogoro na Marekani ukafunga soko la ng'ambo, mavuno yakawa mabaya na bei ya mkate ikapanda. Mitindo nayo iligeuka, wanaume wakazidi kuvaa suruali ndefu, na soksi za fahari zikapungua wateja.

Lakini kero iliyowachoma zaidi ilikuwa soksi za kukata. Soksi ya kweli ilifumwa kwa umbo lake: fundi aliongeza na kupunguza vitanzi vya uzi kufuata shavu la mguu, kifundo na kisigino, na kingo zake zikatoka zimejifunga zenyewe. Matajiri waliotaka faida ya haraka walitumia fremu pana kufuma kitambaa kikubwa, wakakikata kwa mkasi kwa umbo la soksi, kisha wakashona vipande. Dukani soksi hizo zilionekana sawa na nyingine. Zikishavaliwa na kufuliwa mara chache, mshono uliachia na uzi ukaanza kufumuka. Mnunuzi alilaumu soksi za Nottingham, na jina la ufundi wote likachafuka pamoja na la wale waliofanya kazi safi. Mfumaji aliona mambo mawili yakiibwa kwa mpigo mmoja, ujira wake na heshima ya kazi yake. La pili halikuwa dogo kwake kuliko la kwanza, na wanaohesabu historia kwa shilingi pekee hulipita bila kuligusa.

Ndiyo maana waliovunja walichagua. Waliingia katika chumba chenye fremu kadhaa, wakavunja zile za tajiri aliyeshusha ujira au aliyetengeneza soksi za kukata, wakaziacha nzima za tajiri aliyelipa bei iliyokubaliwa, ingawa zilikuwa za aina moja na zilisimama bega kwa bega. Mtu anayechukia mashine hachagui hivyo. Uchaguzi wa namna hii unahitaji taarifa: nani anamiliki fremu ipi, analipa kiasi gani, anauza nini. Karl Marx aliandika katika kitabu chake cha 1867 kwamba ilichukua muda na uzoefu wafanyakazi kutofautisha mashine na matumizi ya mashine mikononi mwa wenye mtaji. Kwa wafumaji wa Nottingham sikubaliani naye. Tofauti hiyo waliijua vizuri sana, na waliitekeleza gizani, kwa haraka, wakiwa na hofu ya kukamatwa.

Hii haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1768 watu wa Lancashire walivamia nyumba ya James Hargreaves, aliyebuni mashine ya kusokota nyuzi nyingi kwa wakati mmoja, naye akahamia Nottingham. Mwaka 1779 umati uliharibu kiwanda cha Richard Arkwright huko Birkacre, karibu na Chorley. Katika ghasia za mwaka huo mashine za kusokota zenye vijiti 24 au pungufu ziliachwa. Zilizozidi hapo zilivunjwa. Mashine ndogo iliingia ndani ya nyumba ya familia na mama wa nyumba angeweza kuiendesha. Kubwa ilihitaji jengo, mtaji na msimamizi, na aliyeifuata alilazimika kuiacha nyumba yake na saa zake. Watu waliweka mpaka wao pale ambapo chombo kingeacha kuwa msaada wa familia na kuwa bwana wake.

Hapa lazima nisimame kwa ajili ya watu ambao masimulizi mengi huwaruka, wanawake waliosokota. Kabla ya mashine, mfumaji mmoja alihitaji wasokotaji wanne au zaidi ili asikose uzi, na karibu wote walikuwa wanawake. Uzi wa jioni ulikuwa tegemeo la nyumba nyingi za vijijini, hasa za wajane. Mashine za kusokota ziliifuta kazi hiyo ndani ya kizazi kimoja hivi, na hakukuwa na jenerali wa kubuniwa aliyeandika barua kwa niaba yao. Zaidi ya hapo, uzi mwingi na wa bei rahisi uliwaneemesha wafumaji. Miaka ya mwisho ya karne ya 18 walikuwa na kazi tele, kwa sababu viwanda vilimwaga uzi na bado hakukuwa na mashine nzuri ya kuufuma. Neema ya mfumaji ilisimama juu ya hasara ya msokotaji. Mashine haikuwaumiza wote kwa siku moja. Iliwapita fungu kwa fungu, na kila fungu lilipoumia jingine lilikuwa bado linafaidika. Nadhani hiyo ni moja ya sababu kubwa upinzani haukupata kuwa mmoja.

Je, hawakujaribu njia ya sheria? Walijaribu, tena kwa muda mrefu. Uingereza ilikuwa na sheria za kazi tangu karne ya 16, zikiwemo za uanagenzi wa miaka saba na za kuwapa mahakimu mamlaka ya kupanga ujira. Wafanyakazi walizijua kwa moyo na walitaka zitekelezwe. Waajiri walitaka zifutwe. Bunge lilifuata waajiri: sheria za zamani za sekta ya sufu zilisitishwa mwaka hadi mwaka kuanzia 1803, zikafutwa 1809, vifungu vya ujira vikafutwa 1813 na vya uanagenzi 1814. Upande wa pili, sheria za 1799 na 1800 zilikataza wafanyakazi kuungana kudai ujira. Mwaka 1808 wafumaji wa pamba waliomba Bunge liwawekee kima cha chini cha mshahara. Ombi likakataliwa, maelfu wakakusanyika katika uwanja wa St George's Fields mjini Manchester, na askari wakaua mfumaji mmoja. Joseph Hanson, mfanyabiashara aliyekwenda kuwaunga mkono, alifungwa miezi sita.

Nottingham nako mambo yalikwenda hivyo hivyo. Gravener Henson, mfumaji wa soksi aliyejielimisha, aliongoza juhudi za kupeleka muswada bungeni mwaka 1812. Ulitaka kupiga marufuku soksi za kukata na malipo ya bidhaa. Baraza la Makabwela liliupunguza makali likaupitisha. Baraza la Malodi likautupa mwezi Julai. Miezi michache kabla, Bunge hilo hilo lilikuwa limepitisha bila shida sheria ya kumnyonga mtu kwa kosa la kuvunja fremu. Lord Byron, mshairi kijana mwenye makazi ya ukoo katika Nottinghamshire, alisimama tarehe 27 Februari 1812 kutoa hotuba yake ya kwanza kwa Malodi, akaupinga muswada wa kunyonga na kueleza umaskini aliouona kwa macho yake. Hakuuzuia. Yaani ndani ya mwaka mmoja mfumaji alielezwa na watunga sheria kwamba fremu ya tajiri inalindwa kwa kitanzi, na kwamba ujira wake yeye si kazi ya sheria. Sijui kama kuna ushahidi wa wazi zaidi wa upande ambao dola ilikuwa imesimama.

Mwanahistoria Eric Hobsbawm alitoa hoja mwaka 1952 ambayo naiona bado imesimama imara: kuvunja mashine kulikuwa namna ya kujadiliana na mwajiri. Wafumaji walitawanyika vijijini, kila mmoja nyumbani au katika karakana ndogo. Mgomo wa kawaida ulikuwa haramu, tena ulikuwa mgumu kuusimamia, kwa kuwa fremu ya jirani ingeweza kuendelea kufanya kazi usiku. Fremu iliyovunjwa haifanyi kazi kwa yeyote. Na kwa muda ilifaa, maana baadhi ya matajiri wa Nottingham walipandisha ujira. Edward Thompson, katika kitabu chake kikubwa cha 1963 kuhusu tabaka la wafanyakazi wa Uingereza, alikwenda mbali zaidi, akaonyesha kwamba watu hawa walikuwa wakitetea mfumo mzima wa haki ambamo bei, ubora na ujira vilikuwa na mipaka ya kijamii, na kwamba siasa za chinichini zilichanganyika humo. Wawili hawa wanapishana katika mengi, lakini baada yao ni vigumu kuwaita Waludi wajinga.

Yorkshire, kaskazini, hali ilikuwa tofauti. Huko mashine ilikuwa kweli inachukua kazi. Kitambaa cha sufu kikishafumwa na kukandwa majini, kilikuwa bado kigumu na hakijapendeza. Mafundi walikipiga brashi kwa vichwa vya mmea wenye miba ili malaika yake yasimame, kisha wakayanyoa kwa mkasi mkubwa wa chuma uliofika kilo 20 au kuzidi. Mkasi huo ulipita juu ya kitambaa kilicholazwa juu ya meza iliyopinda, na kosa la mkono mmoja lingeweza kuharibu kazi ya wiki nzima ya watu wengine. Mnyoaji hodari alipandisha thamani ya kitambaa kwa kiasi kikubwa, na kwa hiyo alilipwa vizuri kuliko wafanyakazi wengi wa nguo. Alitambulika hata barabarani: mpini wa mkasi uliacha sugu nene kwenye kifundo cha mkono wake.

Mashine mbili zilimtishia. Moja ilisimamisha malaika kwa gurudumu lililopachikwa miba. Ya namna hiyo ilikuwa imepigwa marufuku na sheria tangu enzi ya Mfalme Edward VI, katikati ya karne ya 16. Nyingine iliendesha mikasi miwili au zaidi ndani ya fremu, ikisimamiwa na mtu asiyehitaji miaka ya mafunzo. Wanyoaji walichanga maelfu ya pauni kulipa wanasheria na kupeleka mashahidi bungeni. Kusini, katika Wiltshire, walichoma viwanda mwaka 1802, na kijana mwanagenzi, Thomas Helliker, alinyongwa Machi 1803, watu wa Trowbridge wakiamini hana hatia. Sheria ilipofutwa 1809, mlango wa mwisho ulifungwa.

Mwaka 1812 wanyoaji wa Huddersfield na vitongoji vyake wakaanza. Nyundo yao kubwa waliiita Enoch, kwa jina la Enoch Taylor, mhunzi wa Marsden ambaye karakana yake ilitengeneza nyundo hizo pamoja na fremu za kunyolea zenyewe. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Aprili watu zaidi ya 100 walishambulia kiwanda cha William Cartwright huko Rawfolds. Cartwright alikuwa ndani na askari na wafanyakazi wachache wenye bunduki. Mlango haukuvunjika, na washambuliaji wawili, Samuel Hartley na John Booth, walikufa kwa majeraha. Tarehe 28 Aprili William Horsfall, mwenye kiwanda cha Marsden aliyejulikana kwa maneno yake makali dhidi ya Waludi, alipigwa risasi akiwa juu ya farasi akirudi nyumbani kutoka sokoni Huddersfield.

Kuua huko sikuhalalishi. Horsfall alikuwa mtu mkali lakini hakustahili kufa barabarani, na kifo chake kiliwapotezea wanyoaji huruma ya watu wengi waliokuwa wakiwatetea kimyakimya. Benjamin Walker, mmoja wa waliokuwapo, aligeuka shahidi wa serikali. George Mellor, William Thorpe na Thomas Smith, wote vijana wasiofika miaka 25, walinyongwa mjini York tarehe 8 Januari 1813. Siku nane baadaye, tarehe 16, wakanyongwa wengine 14 kwa makosa ya kushambulia kiwanda, kuapishana na kupora silaha na fedha. Watu 17 katika mji mmoja, ndani ya siku tisa.

Lancashire, upande wa pili wa milima, njaa na mashine vilichanganyika. Tarehe 20 Aprili 1812 umati ulikwenda kwenye kiwanda cha Daniel Burton huko Middleton, chenye mitambo ya kufumia inayoendeshwa kwa mvuke, na walinzi wakaua watu kadhaa. Siku nne baadaye kiwanda cha Westhoughton kikachomwa moto. Miongoni mwa walionyongwa Lancaster mwaka huo walikuwamo wachoma kiwanda na watu wa ghasia za chakula, akiwemo mwanamke aitwaye Hannah Smith. Serikali ilipeleka kaskazini na katikati ya nchi askari zaidi ya 12,000, jeshi kubwa kuliko lile Jenerali Wellington aliloondoka nalo kwenda kupigana katika rasi ya Iberia mwaka 1808. Nchi iliyokuwa vitani na Napoleon iliona ni lazima itumie jeshi la namna hiyo dhidi ya wafumaji wake.

Kuna hoja moja ya waajiri ambayo inastahili kusikilizwa kwa haki. Walisema kwamba asiyetumia mashine atazidiwa na anayeitumia, na kazi itahama. Ilihama kweli. Mwaka 1816 Waludi walivunja mashine zaidi ya 50 za kufumia lesi katika kiwanda cha John Heathcoat mjini Loughborough. James Towle alinyongwa kwa kosa hilo. Heathcoat alikataa fidia ya pauni 10,000 kwa sababu ilimtaka aitumie katika eneo lile lile, akahamia Tiverton, kusini-magharibi ya mbali, na kazi yote ikamfuata. Magharibi mwa Uingereza, ambako wanyoaji walipinga mashine mapema na kwa nguvu zaidi, uzalishaji wa sufu uliachwa nyuma na Yorkshire. Upinzani wa mji mmoja mmoja hauna jibu kwa mwajiri anayeweza kuhama. Lakini hoja hiyo hiyo inathibitisha walichokuwa wakidai wafumaji: kanuni ilihitajika kuwa ya nchi nzima, na ndiyo sababu walikwenda bungeni kabla ya kushika nyundo.

Tena si kweli kwamba mashine zilikuja kila mara kwa ajili ya kuzalisha zaidi tu. Katikati ya miaka ya 1820 wenye viwanda vya pamba walichoshwa na migomo ya wasokotaji wanaume, waliokuwa na ujuzi adimu na umoja imara. Wakamwendea fundi Richard Roberts wa Manchester wakamwomba abuni mashine ya kusokota inayojiendesha. Akaibuni. Mwaka 1835 Andrew Ure, mtetezi mkubwa wa viwanda, aliisifu waziwazi kama chombo cha kurudisha nidhamu miongoni mwa wafanyakazi wakaidi. Mwanauchumi David Ricardo, ambaye mwanzoni aliamini mashine hunufaisha matabaka yote, aliongeza sura mpya katika toleo la tatu la kitabu chake mwaka 1821, akakiri kwamba kuingizwa kwa mashine kunaweza kuwadhuru wafanyakazi na kwamba hofu yao haikutokana na ujinga. Kauli hiyo ilitoka kwa mwanauchumi mkubwa kuliko wote wa wakati wake, aliyekuwa pia mbunge, na haikubadilisha sheria hata moja.

Walioumia kuliko wote hawakuwa wa 1812. Walikuwa wafumaji wa pamba wa mtambo wa mkono, waliofikia robo milioni hivi wakati walipokuwa wengi zaidi, karibu na 1820. Mwaka 1813 Uingereza ilikuwa na mitambo ya kufumia ya mvuke 2,400 tu. Mwaka 1833 ilikuwa 100,000. Mfumaji wa Bolton aliyepata shilingi 33 kwa wiki mwaka 1795 alipata 14 mwaka 1815, na baada ya 1829 alikuwa akipata shilingi tano na peni sita. Tazameni tarehe hizo vizuri. Anguko kubwa la kwanza, kutoka 33 hadi 14, lilitokea kabla mashine haijawa na nguvu yoyote ya maana. Lililetwa na wingi wa watu walioingia katika kazi isiyo na masharti, na waajiri waliopunguziana bei huku kukiwa hakuna sheria ya kuwazuia. Mashine ilipofika ilimkuta mfumaji amekwisha kulegezwa. Aprili 1826, baada ya msimu wa njaa, watu wa Lancashire ya mashariki walizunguka kiwanda hadi kiwanda kwa siku chache wakavunja mitambo ya mvuke zaidi ya 1,000, na huko Chatterton askari wakaua watu sita. Mitambo ikatengenezwa upya.

Kulikuwa na njia nyingine, na waliiona watu waliokuwa ndani ya sekta yenyewe. John Fielden wa Todmorden alikuwa mmoja wa wenye viwanda vikubwa vya pamba nchini, naye alikuwa mbunge. Mwaka 1835 yeye na mwenzake John Maxwell walipigania muswada wa kuwawekea wafumaji wa mkono kima cha chini cha ujira kinachofuata bei za soko, ili mpito usiwe wa kufa njaa. Hakuna aliyeweza kumwita Fielden adui wa mashine. Alikuwa nazo kwa mamia. Bunge lilikataa, na wafumaji wa mkono wakaachwa wapungue wenyewe, kwa kuzeeka, kuhama na kukosa chakula, hadi katikati ya karne. Fielden ndiye aliyeupeleka bungeni muswada wa saa kumi za kazi kwa siku uliopita mwaka 1847. Kwa wafanyakazi wa viwandani ulikuja. Kwa wafumaji ulikuwa umechelewa.

Mashine zile ziliwafikia pia watu ambao hawakupata kuziona. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1820 wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walileta Unguja majora ya kitambaa kizito cha pamba kisichopaushwa, kile ambacho watu wa pwani walikiita merikani. Mkataba wa biashara kati ya Marekani na mtawala wa Unguja, Seyyid Said, ulitiwa sahihi mwaka 1833. Merikani ilipimwa kwa mkono na kwa doti, ikabebwa na misafara hadi Tabora na Ujiji, ikatumika kama fedha, na ikabadilishwa kwa pembe na sandarusi. Pamba yake ilichumwa na watumwa wa kusini mwa Marekani. Kitambaa kilifumwa katika viwanda vya New England, ambako wafanyakazi wengi walikuwa wasichana waliotoka mashambani. Wenzao wa Lowell waligoma mwaka 1834 ujira ulipopunguzwa, na tena 1836 gharama za bweni zilipopandishwa. Hawakuvunja mashine. Waliziacha wakatoka nje.

Afrika Mashariki ilikuwa na wafumaji wake. Nguo za Mogadishu zilisifiwa na msafiri Ibn Battuta alipopita mwaka 1331, akasema zinapelekwa hadi Misri. Ufipa na bonde la Rufiji walifuma pamba yao wenyewe, vitambaa vizito vya kudumu miaka. Merikani, na baada yake nguo za Bombay na Manchester, zilishusha thamani ya kazi hiyo bila mtu yeyote kuja kujadiliana nao. Mfumaji wa Ufipa hakuwa na tajiri wa kumwandikia barua, hakuwa na Bunge la kulipelekea ombi, na mtambo uliomshinda ulikuwa ng'ambo ya bahari mbili. Wengi waliacha ufundi huo ukafifia chini ya ukoloni. Wafumaji wa Benadir, pwani ya Mogadishu, walifanya jingine: waling'ang'ania futa zao, nguo ambazo wateja wao walizitaka kwa rangi na mistari ambayo kiwanda hakikuijali, wakaingia nazo karne ya 20 wakiwa bado wameketi kwenye mitambo yao ya mkono.